Bibi wa "Nanii" na Babu Asiyekosea Neno

Kila familia ina ile klipu yake moja ambayo hata uwe na mawazo ya kodi na boda umekosana nayo, ukiifungua lazima ucheke.

Kwa familia moja ya Mbagala, Dar es Salaam, klipu yenyewe ni voisi ya Bibi. Sekunde kumi na tisa tu. Bibi yuko jikoni, anamwita mjukuu: "We mtoto, hebu niletee ile nanii... ile ya... aah, si ile nanii ya kukunia! Ile unayoikalia! Iko uvunguni kwa nanii, kwa huyu mwenye miguu mirefu."

Alichokuwa anataka ni mbuzi. Mbuzi ya kukunia nazi. Na huyo mwenye miguu mirefu ni mwanawe wa tatu, ambaye kamzaa mwenyewe, kamnyonyesha mwenyewe na jina kampa mwenyewe.

Grupu la familia likalipuka. Mmoja akatengeneza stika, mwingine akaiweka iwe mlio wa simu. Kuanzia wiki ile Bibi akaitwa Bibi Nanii, mpaka wajukuu walioko Mwanza wakawa wanamsalimia hivyo hivyo: "Shikamoo Bibi Nanii." Na yeye anaitikia, "Marahaba nanii wangu," watu wanazidi kufa.

Halafu Shangazi Mkubwa akaandika ujumbe mmoja uliozima kicheko: "Tucheke, ila tujue Mama anaanza kuchanganyikiwa. Tusije tukajuta."

Tiki za bluu zikawaka zote. Hakuna aliyejibu.

Sasa ili uelewe kilichofuata, lazima uwajue hawa wazee wawili.

Bibi ana miaka 73. Kazaliwa vijijini Lindi, kwao waliongea Kimwera, Dar kaja akiwa binti na Kiswahili cha mjini kakisomea sokoni. Mbele ya nyumba ana genge: nyanya, vitunguu, dagaa, nazi, mkaa wa kopo. Kaa pale nusu saa uone. Akija mama wa kwao, Kimwera kinaanza. Akija kijana wa bodaboda, "Vipi mwanangu, deni langu la juzi unalilea lifike chuo kikuu? Usinizingue." Akija mjumbe wa mtaa, sauti inashuka, maneno yanavaa kanzu, "Karibu sana kiongozi wetu, habari za majukumu?" Hao wote watatu wakiwa wamesimama hapo hapo kwa wakati mmoja, kila mtu anapata cha kwake na chenji haikosewi. Ila katikati ya yote hayo, nanii hazikauki.

Babu yeye ana 78. Mwalimu mstaafu. Kiswahili chake ni kile cha redio ya zamani, kila neno limepigwa pasi. Ndiye msemaji wa ukoo: iwe posa, iwe mahari, iwe msiba, Babu ndiye anayesimama. Anaanza na salamu kwa kila upande, anaingiza methali, anasimulia alivyokuja Dar na sanduku la bati kuanza kazi ya ualimu, anafunga kwa dua. Hasitisiti. Nanii kwake ni tusi. Akituma voisi kwenye grupu, watoto wanajibu, "Mzee ni hazina."

Basi ukiwaweka pamoja, unadhani nani alionekana anapotea?

Kikao kikaitishwa Jumapili, baada ya pilau. Ajenda haikutajwa, lakini kila mtu aliijua kwa jinsi watu walivyokuwa wanamwongelesha Bibi polepole kama mgeni kutoka nje. Hoja zilikuwa mbili. Ya kwanza, mwisho wa mwezi genge lifungwe, Mama apumzike. Ya pili ndiyo ilikuwa nzito: simu ya Bibi ndiyo iliyokuwa inapokea kodi ya wapangaji wa vyumba viwili vya nyuma, na ndiyo iliyokuwa inapokea michango ya harusi ya mjukuu mkubwa. Ikasemwa kwamba simu hiyo na namba yake ya siri akabidhiwe Babu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Hesabu zangu mmezikagua? Nimepoteza shilingi ngapi?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amekagua kitu.

Babu akakohoa kidogo, akaweka mikono magotini, akasema kwa ile sauti yake: "Mali bila daftari huisha bila habari." Vichwa vikatikisika chumba kizima. Mzee kamaliza. Kikao kikafungwa, simu ikahama mkono.

Humo ndani kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakuongea. Mjukuu wa kike, miaka 24, anayeishi na wazee hao. Kazi yake ni kapsheni: yale maneno yanayopita chini ya video za wachekeshaji wa mtandaoni, mtu anakaa anayaandika, na mtu mwenyewe ni yeye. Hii kazi ina tabu yake. Unasikiliza neno kwa neno, unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Baada ya mwaka, masikio yanaanza kuokota vitu ambavyo watu wengine wanavipita.

Akapata wazo. Kwa kuwa genge linafungwa, atengeneze video ya kuliaga. Jioni nne mfululizo akawa anakaa na simu yake barazani, anamrekodi Bibi, anamrekodi na Babu kidogo kwa ajili ya heshima. Hakuwa anatafuta ugonjwa wa mtu. Alikuwa anatafuta vicheko.

Usiku wa tano akakaa kuandika kapsheni.

Akaanza na Bibi. Dakika nne, nanii kumi na moja. Mwanzo alikuwa anacheka peke yake. Halafu akaona kitu.

Kila nanii ilikuwa imevaa nguo yake sahihi. Bibi alisema "kile nanii cha kubebea nyanya," na kilikuwa kikapu. Alisema "ule nanii wa kufagilia," na ulikuwa ufagio. Hakusema hata mara moja "ile" pale panapotakiwa "kile". Akairudia na ile klipu maarufu. Bibi alisema "ile nanii ya kukunia", hakusema "yule nanii". Na si unajua mwenyewe: mbuzi wa kufugwa ni "yule mbuzi wa jirani", mbuzi ya jikoni ni "ile mbuzi ya kukunia". Maana yake jina lilikuwa limemkwama kooni, lakini kichwani Bibi alishalifikia, na alijua kabisa ni mbuzi gani anayemtaka.

Hiki si kituko cha Mbagala. Mwaka 1997 watafiti waliwachunguza wasemaji wa Kiitaliano waliokuwa kwenye ile hali ya neno kuwa kwenye ncha ya ulimi. Kiitaliano kila jina lina jinsia, kama Kiswahili kila jina lilivyo na ngeli yake. Wakakuta watu wengi wanaijua jinsia ya neno ambalo hawawezi kulitamka. Neno halijafutika, mlango tu ndio mgumu kufunguka. Na mlango huo unazidi kuwa mgumu kadiri umri unavyokwenda, kwa wazee walio wazima kabisa, hasa kwenye majina ya watu.

Kitu cha pili alichokiona ni kwamba Bibi hakuwa anasimama. Neno likigoma, anazunguka: kazi yake, umbo lake, mahali lilipo, nani alilitumia mara ya mwisho. Njia moja ikifungwa anapita nyingine, kama dereva wa daladala anayekwepa foleni. Na mjukuu alipomtupia swali la ghafla, "Bibi, genge lingekuwa la mtandaoni ingekuwaje?", hakufikiria hata sekunde mbili: "Mteja anitumie picha ya nyanya anayoitaka, na mimi nimtumie sauti ya kumwambia hiyo hela yake ni ya kuiangalia tu." Sentensi hiyo hakuwahi kuisema mahali popote. Aliitunga papo hapo.

Akafungua faili za Babu.

Jioni ya kwanza alimuuliza kuhusu kazi ya ualimu. Babu akasimulia alivyokuja Dar na sanduku la bati. Safi, kapsheni ikaandikika bila kufuta hata herufi.

Jioni ya pili alimuuliza alivyokutana na Bibi. Babu akaanza vizuri, sentensi ya pili ikageuka, akawa anakuja Dar na sanduku la bati.

Jioni ya tatu alimuuliza kuhusu genge. Sanduku la bati.

Binti akayaweka maandishi matatu sambamba kwenye skrini. Yalikuwa maneno yale yale. Si habari ile ile tu. Maneno yale yale, pumziko mahali pale pale, methali pale pale, kama wimbo unaourudisha mwanzo. Alipomuuliza, "Babu, unamkumbuka mwanafunzi gani zaidi?", jibu lilikuwa tamu kweli kusikia: "Ah, wale walikuwa vijana wazuri. Mambo yalikuwa mambo, na watu walikuwa watu." Akalisoma likiwa limeandikwa. Halikuwa na jina la mtu. Halikuwa na shule. Halikuwa na mwaka. Kwenye masikio lilikuwa hekima, kwenye maandishi halikuwa na kitu ndani.

Na hapo ndipo wengi tunapopigwa chenga. Tunadhani akili inayochoka inajulikana kwa kigugumizi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini yale maneno yaliyozoeleka, salamu, dua, methali, hadithi iliyosimuliwa mara mia, yanaweza kubaki imara muda mrefu hata mtu akiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Kinachopungua mapema ni uwezo wa kutoka nje ya mstari: kujibu swali ambalo hukulitegemea, kutaja jina halisi, kubadili habari katikati.

Mwandishi wa riwaya Iris Murdoch ni mfano unaotajwa sana. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka 1995, kabla madaktari hawajamkuta na Alzheimer. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza wakakilinganisha na vitabu vyake vya nyuma. Muundo wa sentensi ulikuwa bado umesimama vizuri. Kilichokuwa kimepungua ni wingi wa maneno tofauti. Wasomaji walikuwa wanasoma sentensi nzuri, kumbe kabati la maneno nyuma yake limeanza kuwa tupu.

Binti wa kapsheni akafunga kompyuta. Hakumwambia mtu. Aende amwambie nani? Kwamba mwalimu aliyewafundisha nusu ya mtaa kusoma ana shida, na ushahidi ni kapsheni za video ambayo haijatoka? Kwenye familia ile mtoto wa miaka 24 haongei juu ya Babu. Anamletea maji ya kunawa, anapiga goti, basi.

Kukaa kimya kukawa na gharama.

Alhamisi moja ukaingia ujumbe kwenye simu ya Babu, ule ule ambao kila Mtanzania mwenye simu keshaupata: ile hela itume kwenye namba hii. Babu akatuma. Laki nne na nusu za michango ya harusi, zikaondoka.

Kwenye grupu watu wakamtetea. Matapeli wamezidi, hata wasomi wanapigwa, hata wafanyakazi wa benki wanapigwa. Babu mwenyewe alieleza kwa ufasaha mpaka ikaonekana kama ni matapeli ndio waliokosea. Na mwenye miguu mirefu akaandika sentensi ambayo baadaye aliifuta: "Bora hata hazikuwa kwa Mama, zingeisha zote."

Bibi aliisomewa ujumbe huo. Akaendelea kupanga nyanya mafungu mafungu.

Siku tisa baadaye ujumbe wa aina ile ile ukaingia tena. Babu akatuma tena. Laki mbili. Alipoulizwa, hakukumbuka kwamba kulikuwa na mara ya kwanza.

Safari hii kwenye grupu hakuna aliyetuma stika.

Mjukuu akamfuata mjomba mwenye miguu mirefu, akamwonyesha yale maandishi matatu kwenye simu. Mjomba akasoma, akarudia, akakaa kwenye ngazi. Ikakubaliwa wazee wapelekwe hospitali, lakini kwa ujanja: ikasemwa anapelekwa Bibi, na Babu amsindikize. Bibi akakubali haraka mno, tena bila ubishi, kitu ambacho si kawaida yake.

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, hana haraka. Akamuuliza Bibi mambo mengi: usingizi, presha, macho, masikio, dawa anazotumia, kama kuna huzuni iliyomkaa moyoni. Kisha akasema, "Bibi, nina mchezo. Nakupa dakika moja. Nitajie wanyama wote unaowajua."

Mchezo huo unatumika hospitali nyingi duniani, na siri yake haiko kwenye idadi tu. Mwaka 1997 Angela Troyer na wenzake huko Kanada walionyesha kwamba mtu akitaja wanyama anafanya kazi mbili. Anachimba kwenye fungu moja, tuseme wa kufugwa, mpaka liishe. Halafu anaruka kwenda fungu jingine. Kule kuruka ndiko kunakohitaji akili inayonyumbulika: kukubali kwamba hapa pameisha, niende kwingine.

Bibi akaanza. "Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, yule nanii wa kulinda nyumba, mbwa! Paka. Bata, kuku, au kuku si mnyama? Haya mwache. Simba, chui, tembo, hao walikuwa wanakula mihogo yetu, na ngedere na nguruwe pori. Samaki unawataka? Mimi mtu wa Lindi: changu, papa, taa, pweza, kibua. Nyoka je? Chatu, kifutu..." Daktari akawa anacheka huku anaandika. Dakika ikaisha, Bibi yuko kwenye wadudu.

"Na Mzee naye ajaribu basi, asikae bure," daktari akasema, kama utani.

Babu akatabasamu. Akakaa wima kama yuko mbele ya darasa. "Ng'ombe. Mbuzi. Kondoo." Akanyamaza. "Mbuzi." Saa ya ukutani ikawa inasikika. "Ng'ombe, na... na hao wengine wote." Akaangalia mikono yake. Halafu uso ukang'aa, akapata pa kushika: "Daktari, mali bila daftari huisha bila habari."

Sauti ilikuwa ile ile. Heshima ile ile. Mwenye miguu mirefu akatoka nje ya chumba.

Daktari hakutangaza ugonjwa siku ile. Alisema wazi kwamba mchezo wa dakika moja hautoi hukumu kwa mtu: elimu, lugha anayoizoea mgonjwa, woga, hata masikio mazito vinabadilisha majibu. Akaandika vipimo vya damu, kwa sababu upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingoni, sonona, au dawa zinazogongana vinaweza kumfanya mzee asahau, na baadhi ya hivyo vinatibika. Akapanga tarehe ya kurudi, na kurudi tena. Ila aliwaambia pia kitu kimoja cha kufanya siku hiyo hiyo: simu ya pesa isilale kwa Mzee.

Jioni, mjukuu akamkuta Bibi uani anachambua dagaa. Akakaa chini pembeni yake.

"Bibi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

Bibi akatupa kichwa cha dagaa kwa paka. "Tangu msiba wa shemeji yake. Alisimama kutoa shukrani, akasema marehemu yuko njiani, anakuja. Hukumbuka nilivyolia siku ile?"

Mjukuu alikumbuka. Wote walikumbuka. Bibi alipiga ukelele mkubwa katikati ya hotuba, wanawake wakamkimbilia na khanga na maji, na Babu akaketishwa. Watu walisema Bibi alimpenda sana marehemu.

"Sikuwa nalia msiba," Bibi akasema. "Nilikuwa namfunika."

Na kuanzia siku hiyo aliendelea kumfunika. Kwenye shughuli anakaa karibu, Babu akikwama yeye anaingilia kwa utani, anataja jina kama vile ni mbea tu. Mgeni akifika, anamtangulia kwa sauti, "Ohoo, mwalimu wa sayansi huyo, karibu!", ili Babu ajue anayemsalimia ni nani. Chakula anakiita kwa jina kabla ya kukiweka mezani. Karibu miaka miwili yule bibi alikuwa anabeba kauli za watu wawili, zake na za mumewe, huku grupu zima likimcheka kwamba hawezi kubeba hata zake.

"Na nanii zako je? Zilikuwa za kuigiza?"

"Weee! Nanii zangu za kweli kabisa. Nimezeeka, mjukuu wangu, majina yananikimbia." Akacheka. Kisha akashusha sauti. "Ila mlipokuwa mnanicheka mimi, hakuna aliyekuwa anamsikiliza yeye. Nikaona acha iwe hivyo."

Wapo watakaosema basi ni ule mchanganyiko wa lugha uliomwokoa Bibi, Kimwera huku, Kiswahili cha genge kule. Jambo hilo limetafitiwa. Mwaka 2013 Suvarna Alladi na wenzake huko Hyderabad, India, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 648 wa ugonjwa wa kusahau. Waliokuwa wanazungumza zaidi ya lugha moja dalili ziliwaanza wakiwa na umri mkubwa zaidi, kwa wastani wa miaka minne na nusu, hata wale ambao hawakuwahi kuingia darasani. Wapo watafiti wengine waliofuatilia wazee kwa miaka na hawakuona tofauti hiyo, kwa hiyo mjadala haujafungwa. Babu naye ana lugha zaidi ya moja, na ugonjwa ukija haukagui vyeti. Lugha nyingi si kinga ya kununua.

Ila kuna jambo ambalo halihitaji maabara. Mtu anayebadilisha sauti kwa kila mteja, anayetunga utani mpya kila asubuhi, anayezunguka neno lililogoma mpaka alishike mkia, huyo akili yake inafanya kazi hadharani, mbele yako, kila siku. Ukihesabu maneno aliyoyakosa tu, utakosa kuona kazi yote hiyo. Na mtu ambaye kila swali kwake lina jibu lile lile zuri, usimpigie makofi tu. Muulize swali jingine. Tena muulize kwa upendo, na si mbele ya watu.

Simu ilirudi kwa Bibi, na daftari juu. Kila Jumamosi mjukuu anakagua naye mstari kwa mstari. Mpaka leo hesabu imepungua mara moja tu, shilingi mia tano, na ilikuwa deni la bodaboda. Genge halikufungwa. Shangazi Mkubwa alikuja peke yake, bila kutangaza kwenye grupu, akakaa na mama yake jikoni mpaka usiku. Yaliyosemwa huko hayajulikani, ila kesho yake ile stika ilifutwa, na Bibi akauliza kwa nini wameifuta, mbona alikuwa anaipenda.

Babu bado yuko kwenye matibabu na tarehe zake za kurudi hospitali. Zipo siku nzuri. Zipo siku anauliza sanduku lake la bati liko wapi.

Mahari ya mjukuu mkubwa ilipofika, familia iligawanyika. Wengine walisema mjomba asimame badala yake, wasije wakaumbuka mbele ya wakwe. Bibi akakataa. "Mwacheni asimame. Hayo maneno anayajua kuliko ninyi wote."

Akasimama. Salamu kwa kila upande, barabara. Methali, barabara. Wakwe wakawa wanatazamana kwa kuridhika. Akafika pale pa kumtaja bibi harusi. "Leo tumekusanyika kwa ajili ya mjukuu wangu kipenzi..." Akanyamaza. Macho yakaanza kutafuta ukutani.

Kutoka chumba cha pili walikokaa wanawake, sauti ikapenya pazia: "Si huyo nanii wako, mpika chai yako ya tangawizi!"

Nyumba nzima ikacheka, wakwe kwa waenyeji. Babu naye akacheka kuliko wote, akanyoosha mkono kuelekea pazia: "Ndiye huyo huyo! Mpika chai yangu!" Akaendelea na dua, akamaliza, akaketi. Jina halikutajwa, na upande wa pili hakuna aliyegundua.

Video ya mahari ilienda kwenye grupu ikiwa na kapsheni. Kwa kawaida binti hurekebisha: mtu akisema nanii, anaandika neno lenyewe ili mtazamaji aelewe. Safari hii aliandika vile vile alivyosikia. "Nanii wako."

Wewe nyumbani kwenu mnamcheka nani? Na ni nani mnayempigia makofi bila kumsikiliza?